Gari la Waya ni Kitabu

Mtoto huunda kile akionacho. Miaka ya 1980 pale Mbinga tuliunda Land Rover ya serikali na lori la kahawa: bodi ya waya, taa za vizibo vya soda, magurudumu ya kandambili kuukuu. Springi hatukuzisahau, kwani barabara ya kuteremkia Mbamba Bay ilikuwa mawe na tope. Mwaka 2012 Nyasa ikawa wilaya. Baadaye lami ikafika ziwani, na watoto wakageukia mabasi na bodaboda.

Kwa hiyo gari la waya ni kitabu cha historia ya barabara zetu. Makumbusho ya Majimaji, Songea, yanatunza kumbukumbu za vita ya 1905 hadi 1907. Kitabu hiki huishia jalalani. Mzazi, kabla hujalitupa gari la mwanao, muulize ameliona wapi.