Kutoka Wembe hadi Sindano: Historia ya Msamiati wa Kuhariri Filamu na Video

Utangulizi

Lugha hupata maneno ya kazi fulani pale wasemaji wake wanapoifanya kazi hiyo wenyewe. Wakiitazama tu ikifanywa na wengine, hupata maneno ya mtazamaji. Kanuni hii ni nyepesi kuisema, lakini inaeleza vema hali ya Kiswahili katika uwanja wa filamu na video. Maneno ya mtazamaji tunayo tele: sinema, picha, filamu, onyesho, mwigizaji. Maneno ya fundi akaaye chumbani akichagua vipande na kuviunga hata vikawa hadithi ni machache, na hayo machache hayajakubaliwa na wote.

Zamani upungufu huo haukuleta madhara makubwa, kwa kuwa mafundi wenyewe walikuwa wachache na wengi wao walifanya kazi Dar es Salaam. Leo hali si hiyo. Tuchukue mfano wa Chimala, mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia na ya reli ya TAZARA, chini ya milima inayopanda kwenda Matamba na Kitulo. Kijana wa mahali kama hapo anayepiga picha za harusi au za kwaya anaweza kuzihariri papo hapo kwa kompyuta ndogo, au hata kwa simu yake. Programu anayoitumia humwonyesha mstari mrefu uliolala chini ya skrini, ambao juu yake hupanga vipande vya picha na sauti kwa kufuata wakati. Akimwuliza mwalimu wake mstari huo unaitwaje kwa Kiswahili, mwalimu hana jibu la hakika.

Jambo hili si la wapenda lugha peke yao. Bwana harusi akidai apewe "video yote", anadai nini? Huenda anataka picha zote zilizopigwa siku ile kabla hazijaguswa. Huenda anataka nakala iliyokwisha kutengenezwa. Na huenda anataka faili la mradi, ambalo fundi mwingine angeweza kulifungua na kuendelea na kazi. Hivyo ni vitu vitatu mbalimbali, na thamani zake ni mbalimbali. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, mkataba ulioandikwa kwa maneno yasiyo na mipaka unaweza kumfikisha fundi mbele ya hakimu, na hakimu naye akakosa neno la kuamulia. Makala haya yanakusudia kueleza maneno tuliyo nayo yalikotoka, na kupendekeza machache tunayoyahitaji.

Filamu na santuri

Historia yetu yaweza kuanzia Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko, kati ya 1935 na 1937, palikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati. Jaribio hilo lilisimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha wa shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, nazo zilihusu kilimo, afya, ushirika na mengineyo, zikaonyeshwa katika nchi kadhaa.

Kwa mtu wa istilahi, jambo la kuzingatia hapo ni namna sauti ilivyoshughulikiwa. Ukanda wa filamu haukubeba sauti. Maelezo yalirekodiwa katika santuri, na santuri ilipigwa sambamba na picha. Kwa njia hiyo picha zile zile zingeweza kupewa maelezo ya Kiswahili mahali pamoja na ya lugha nyingine mahali pengine. Basi tangu mwanzo kabisa wa kazi hii nchini, picha ilikwenda njia yake na sauti ikaenda njia yake, na ufundi wote ulikuwa katika kuzifanya zifike pamoja. Tutairudia dhana hii baadaye.

Katika miaka ya 1950 zilifuata filamu za hadithi za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika na kampuni ya Afrika ya Kusini. Mojawapo ni "Muhogo Mchungu", ambayo mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Katika filamu hizo Mwafrika alionekana mbele ya kamera, lakini mamlaka ya kazi nyuma yake yalikuwa mikononi mwa wageni. Huenda hiyo ndiyo sababu Kiswahili cha wakati huo kilipata mwigizaji mapema, kisipate neno la mtu aungaye filamu.

Wakati uliopimwa kwa futi

Kampuni ya Filamu ya Tanzania iliundwa 1968, mwaka mmoja tu baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa Sheria Na. 27 ya 1967. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha mafundi wetu na kizazi cha kwanza cha wasanifishaji wetu vilianza kazi karibu wakati mmoja. Filamu kama "Arusi ya Mariamu" ya 1985 ni matunda ya zama hizo, ambapo kazi ya kuunga filamu ilikuwa bado ni kazi ya mikono.

Ni vema tuielewe kazi yenyewe. Filamu hupita katika kamera kwa mwendo wa fremu 24 kila sekunde. Katika ukanda wa milimita 35 kuna fremu 16 kwa kila futi moja; kwa hiyo dakika moja ya hadithi ni futi 90 za ukanda. Katika ukanda wa milimita 16, ambao una fremu 40 kwa futi, dakika hiyo hiyo ni futi 36. Fundi aliushika wakati kwa vidole vyake. Aliupima kwa futi, akaukata, akaviangika vipande kwenye vigingi, kisha akaviunga kwa gundi au kwa utepe. Mashine ya Moviola, iliyobuniwa Marekani 1924, na baadaye meza za Steenbeck kutoka Ujerumani, zilimwezesha kuitazama kazi yake huku akiendelea kuiunga.

Maneno ya zama hizi yalikuwa ya Kiswahili cha kawaida kabisa: ukanda, kipande, kukata, kuunga. Hayakuhitaji kubuniwa, kwa kuwa kila mtu angeweza kuona yanachotaja. Hata neno kipande, ambalo wakati wa ukoloni lilikuwa na maana chungu ya kadi ya kibarua, liliingia katika kazi hii bila kumtatiza mtu.

Mkanda wa video

Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilitoa mashine ya kurekodi picha katika mkanda wa sumaku. Mwanzoni mkanda huo nao ulikatwa kwa wembe, ingawa picha zake hazionekani kwa macho na fundi alihitaji uangalifu mkubwa kujua pa kukata. Baadaye wembe uliachwa. Fundi alitumia mashine mbili, akinakili kipande baada ya kipande kutoka mkanda huu kwenda mkanda ule. Njia hii ilikuwa na kasoro moja kubwa: vipande vilipangwa kwa kufuatana, na aliyetaka kurefusha kipande cha katikati alilazimika kuvinakili upya vyote vilivyofuata.

Huku kwetu video ilienea pamoja na televisheni. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni 1973, na Tanzania Bara ikapata vituo vyake kuanzia 1994. Kisha katika miaka ya 2000 ikaja biashara ya filamu za video za Kiswahili, ambazo "Girlfriend" ya 2003 ni miongoni mwa zile za mwanzo zilizopata umaarufu. Zama hizi zilileta kaseti na kurekodi, na zikaliongezea neno mkanda maana mpya. Watu walisema mkanda wa harusi na mkanda wa ubatizo, na wengine wanasema hivyo hata leo, ijapokuwa picha zenyewe zimo katika kadi ndogo kuliko ukucha. Hilo ni fundisho kwetu: neno likishazoeleka, huendelea kuishi hata kitu kilicholizaa kikitoweka.

Kompyuta na dhana mpya

Mwaka 1989 ilitokea Marekani mashine ya Avid, 1991 programu ya Premiere, na 1999 Final Cut Pro. Programu nyingi za leo, pamoja na zile za simu, zimefuata mpango ule ule. Mageuzi yaliyoletwa nazo si ya kasi tu. Fundi wa kompyuta hakati kitu chochote. Picha ghafi hubaki katika faili zake kama zilivyopigwa, na programu huhifadhi maagizo tu: onyesha kuanzia hapa, ishia pale, kisha fuata kile. Kukata kumekuwa sitiari.

Anayeanza kujifunza hana budi kupitia hatua zifuatazo. Kwanza hufungua mradi. Pili huingiza picha ghafi na sauti. Tatu hutazama kila kipande na kuchagua sehemu inayofaa. Nne huvipanga vipande kwa kufuata wakati. Tano hurekebisha ncha za vipande, rangi na kimo cha sauti. Mwisho huiagiza programu itengeneze nakala kamili ya kutazamwa. Ni katika hatua ya tatu, ya nne na ya tano ambapo istilahi zinapungua.

Mapendekezo

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unatutaka kutazama kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tukope kutoka nje. Kwa utaratibu huo tulipata bunge kutoka Kiha na ngeli kutoka Kihaya. Lakini historia inatuonya pia. Neno tarakilishi lilibuniwa kwa ustadi, likapata wafuasi hasa Kenya. Hata hivyo wasemaji wengi wa Tanzania walishika kompyuta. Istilahi haipati uhai kwa kuchapishwa tu.

Tuanze na ule mstari wa chini ya skrini. Baadhi ya mafundi husema taimulaini, neno ambalo kwa asiyejua Kiingereza halielezi kitu. Ukanda wa wakati lingependeza kwa kuwa linakumbusha ukanda wa filamu, lakini lingegongana na kanda za saa zinazoigawa dunia katika jiografia. Kalenda ya matukio imekwisha kuzoeleka kwa orodha za kihistoria, nayo huhesabu siku na miaka, wakati fundi huhesabu fremu. Kwa mkazi wa Chimala lingeweza kuja wazo la reli ya wakati, kwa mfano wa reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975: vipande vingekuwa mabehewa, yaungwayo na kufunguliwa. Mfano huo ni mzuri darasani, ila una kasoro. Relini mabehewa ndiyo yaendayo. Katika programu vipande hukaa mahali pake, na kinachokwenda ni alama inayovisoma. Napendekeza mstari wa wakati. Unaeleweka bila maelezo, na mwalimu wa historia anapochora ubaoni matukio kwa kufuatana huchora kitu kile kile.

Kutoka kwenye mfano wa reli, hata hivyo, tunaweza kubakiza neno moja. Mistari inayolala sambamba, mmoja ukibeba picha na mwingine sauti, iitwe njia: njia ya picha, njia ya sauti. Ndiyo dhana ile ile ya Vugiri.

Ile alama iendayo juu ya mstari wa wakati ikionyesha mahali panaposomwa, napendekeza iitwe sindano. Wazee wetu waliita hivyo kile kisomacho santuri, na umbo lake katika skrini ni jembamba vile vile.

Kipande kibaki kipande, na fremu ibaki fremu. Kukigawa kipande mara mbili kuwe kukata. Kupunguza ncha zake bila kukigawa kuwe kupogoa, neno ambalo mkulima wa kahawa wa Mbozi halihitaji kufafanuliwa: hupunguza matawi ili mti uzae vizuri, wala hauangushi. Tofauti ya vitendo hivi viwili humsumbua kila anayeanza, na hapa lugha yenyewe inamsaidia.

Kuhusu vile vitu vitatu vya mkataba, tuseme picha ghafi, faili la mradi na nakala kamili. Kazi nzima ibaki kuwa kuhariri. Wapo wanaolipinga neno hili kwa hoja kwamba mhariri wa gazeti ana mamlaka juu ya habari, na wa filamu hufuata matakwa ya mwongozaji. Hoja hiyo ina uzito, lakini neno limekwisha kuota mizizi. Yatosha kusema mhariri wa filamu au mhariri wa video.

Hitimisho

Tumeona kwamba kila zama ziliacha maneno yake: filamu ilituachia kipande na kukata, video ikatuachia mkanda, na santuri, ambayo wengi wameisahau, inaweza kutupa sindano. Mengi ya maneno tunayoyatafuta yamo ndani ya historia ya kazi yenyewe. Kinachobaki ni kuyajaribu. Walimu wayatumie madarasani, wafasiri wayatie katika miongozo ya programu, na watumishi wa umma wanaoandaa zabuni na mikataba ya video wayatenganishe picha ghafi, faili la mradi na nakala kamili, kila kimoja kwa jina lake. Neno litakalokataliwa na mafundi tulirudishe mezani bila kinyongo. Fundi wa Chimala hatangoja orodha yetu ikamilike ndipo ahariri. Ataendelea kufanya kazi kwa maneno aliyo nayo, na afadhali tumfikie kabla maneno hayo hayajawa mkanda wa pili.