Kutoka Kapasita hadi Kichujio Tendaji: Historia ya Udhibiti wa Haramoniki na Maana Yake kwa Viwanda vya Babati

Historia ya umeme wa viwandani inaonesha kwamba suluhisho la kizazi kimoja laweza kuzaa tatizo la kizazi kifuatacho. Babati ni mahali pafaapo kulitazama suala hilo. Njia ya kilovolti 220 kati ya Singida na Arusha hupitia hapo, na katika Wilaya ya Babati yamo machimbo ya fosfati ya Minjingu, yaliyoanza kazi mwaka 1983. Kuponda, kukausha na kusaga mawe ni kazi za mota.

Mota huvuta, pamoja na mkondo unaofanya kazi, mkondo mwingine wa kujenga usumaku. Kwa kuwa TANESCO huwatoza wateja wakubwa pia kwa kilele cha kilovolti-ampea (kVA), mkondo huo wa pili huongeza ankara. Dawa ya miaka mingi ilikuwa kapasita, nayo ilitosha maadamu mkondo ulikuwa wimbi laini la hezi 50.

Vidhibiti mwendo vya kielektroniki viliivuruga hali hiyo. Kirekebishi cha diodi sita huvuta mkondo kwa vipande. Na tangu Fourier, mwaka 1822, inajulikana kwamba wimbi la namna hiyo huchanganuliwa kuwa jumla ya mawimbi laini. Hapa hutawala haramoniki ya 5 (hezi 250) na ya 7 (hezi 350), ambazo huzidisha joto katika transfoma na mota.

Kapasita hazibaki kando. Transfoma ya kVA 1,000 yenye impidansi ya asilimia 5 ina uwezo wa mkondo mfupi wa kVA 20,000. Ikifungiwa kapasita za kVAr 400, kipeuo cha pili cha uwiano wa namba hizo mbili ni takriban 7.1. Maana yake, resonansi huangukia karibu kabisa na haramoniki ya 7, na kilichonunuliwa kupunguza ankara huikuza haramoniki.

Vichujio tuli, yaani kapasita na koili zilizopangwa kwa masafa maalumu, vilipunguza tatizo, lakini utendaji wake hutegemea impidansi ya gridi. Mwaka 1971 Sasaki na Machida walipendekeza njia nyingine: kuzalisha mkondo kinyume unaoifuta haramoniki. Gyugyi na Strycula waliiendeleza mwaka 1976 kwa saketi za transista. Mwaka 1983 Akagi, Kanazawa na Nabae walitoa nadharia ya nguvu ya papo hapo, iliyowezesha kukokotoa mkondo huo wakati mzigo ukibadilika.

Kwa Babati, funzo la historia hii ni la kiutendaji. Gridi ya kaskazini inabadilika, hasa kwa njia ya kilovolti 400 ya kuiunganisha Tanzania na Kenya kupitia Namanga. Kwa hiyo resonansi iliyokokotolewa jana yaweza kuhama kesho. Kichujio tendaji hufuata mzigo, lakini ni ghali na hakifuti hatari ya kapasita zilizokwisha kufungwa. Upimaji wa haramoniki unapaswa kutangulia ununuzi wa kifaa chochote, zikiwemo kapasita zenyewe.