Kihamba na Mizani ya Kahawa

Mwaka 1984 watafiti wa misitu na kilimo, akiwemo Jumanne Maghembe ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Tanzania, walichapisha hesabu ya mimea waliyoikuta katika vihamba 30 vya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Walipata aina 111: miti 53, mazao ya chakula 29, mimea mingine yenye manufaa 21 na magugu 8. Yote hiyo ilikuwa katika mashamba ambayo kwa wastani hayafiki hata hekta moja. Kwa miaka zaidi ya 50 kabla ya hapo, ni mmea mmoja tu wa kihamba ulioandikwa kwenye vitabu vya biashara, nao ni kahawa.

Kihamba ni ardhi ya ukoo inayoizunguka nyumba. Hurithiwa na watoto, na ndani yake wamezikwa wazee. Juu kabisa husimama miringaringa na miruka, miti iliyobakizwa msitu ulipofyekwa kwa sababu ilifaa kwa mbao, kuni, malisho na kivuli. Chini yake ni migomba, chini ya migomba ni mibuni, na ardhini ni magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hufungwa zizini na kulishwa majani na vigogo vya migomba, kisha samadi inarudi shambani. Maji ya mitoni yalifikishwa kwa mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na koo, na watu wakayatumia kwa zamu.

Wingi huo wa mimea haukuja kwa bahati. Kila chungu kilidai mgomba wake. Mchare ulitakiwa kwa mtori, supu ya ndizi na nyama anayopewa mama aliyejifungua. Ndizi za aina nyingine zilipikwa na kuchanganywa na ulezi kupata mbege, na bila mbege hakuna mahari iliyokamilika wala kikao cha ukoo kilichofunguliwa. Mmea wa masale uliwekwa mipakani, na jani lake likapelekwa kwa jirani kuomba msamaha. Mmea uliokuwa na kazi katika maisha ya watu ulikuwa na mtu wa kuutunza.

Kahawa ilifika mlimani na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza, aliwahimiza Wachaga kuilima wenyewe, ingawa walowezi walipinga vikali. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vya zamani zaidi barani Afrika. Mibuni haikuing'oa migomba, bali ilipandwa chini yake. Kahawa ikalipa ada za shule na kujenga nyumba za bati, huku migomba ikiendelea kulisha familia.

Lakini mizani ya ushirika ilijua kilo za kahawa tu. Mringaringa uliokinga mibuni na jua haukuwa na safu kwenye stakabadhi, wala mgomba uliozuia udongo usisombwe na mvua. Bei ya kahawa ilipokuwa nzuri, pengo hilo halikuonekana.

Lilionekana bei ilipoanguka. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umeshawalazimisha wakulima kununua dawa kila msimu. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei duniani ikaporomoka. Wakati huohuo ardhi ilikuwa ikigawanywa kwa wana wengi zaidi. Wapo waliong'oa mibuni wakapanda mahindi au nyanya, na wapo waliouza miti mikubwa kwa wapasua mbao.

Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp wa Ujerumani alipochunguza vihamba kwa upana zaidi, alihesabu mwaka 2006 zaidi ya aina 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati yake hazikupandwa na mtu. Vihamba vilikuwa vimehifadhi hata mimea ya msitu uliokwisha kutoweka katika ukanda huo. Hemp alitaja wazi kinachovitishia: uhitaji wa mbao, bei duni ya kahawa, na aina mpya za mibuni zinazovumilia jua.

Thamani ya hazina hiyo inavuka mipaka ya Moshi. Utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba mchare na migomba jamaa yake ya Afrika Mashariki ni ndugu wa karibu wa mzazi mmoja wa Cavendish, ndizi inayotawala biashara ya dunia na ambayo sasa inaandamwa na ugonjwa wa mnyauko. Wazalishaji wa mbegu wanaihitaji migomba hiyo ya wazee.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, katika Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Wakulima wake walichagua kuelekea kahawa ya kilimo hai, kupanda vanila na kufuga samaki kwa maji ya mifereji. Ni hatua ya kweli, kwa sababu inaliweka shamba zima sokoni. Hata hivyo, cheti cha kilimo hai kinaangalia zaidi kemikali ambazo mkulima hakutumia kuliko miti aliyoibakiza. Kipimo kinachohesabu miti kipo: Kituo cha Smithsonian cha Marekani hutoa alama kwa kahawa rafiki kwa ndege iwapo angalau asilimia 40 ya shamba imefunikwa na kivuli chenye miti ya aina nyingi.

Wanunuzi wanaoisifu kahawa ya Kilimanjaro kwa ladha yake wanapaswa kuandika kivuli hicho katika mikataba yao na kukilipia. Seremala wa Moshi tayari ana bei ya mringaringa, na ni bei hiyo ambayo malipo ya kahawa yatalazimika kuishinda.