Nani Alisema kwa Niaba Yetu? Kiti cha Kasongo katika Bunge la Taifa

Kila wakati wa kampeni magari yenye vipaza sauti hupita mbele ya parokia zetu, na kijana aliyepewa fulana na pakiti ya chumvi hurudi nyumbani akisema ameonana na mbunge. Ni vema tujue kiti anachokigombea mtu huyo kilitoka wapi. Wazee wa wazee wetu waliishi na kufa bila mtu hata mmoja kusema kwa niaba yao mahali sheria zilipotungwa.

Zama za Hamed bin Muhammed, yule anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa utawala wake. Mwenye neno alilipeleka kwa bwana, na mtumwa hakuwa na neno. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Pili alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls. Mwaka 1893 askari wa Dhanis wakauteka mji wetu. Mabwana walibadilika, lakini mashauri yaliendelea kukatwa mbali na watu. Mwaka 1908 Bunge la Ubelgiji lilipiga kura ya kuitwaa Kongo iwe koloni, na hakuna Mkongomani aliyeulizwa. Tukumbuke pia kwamba wakati ule hata mwanamke wa Kibelgiji hakuchagua mbunge wake. Alisubiri mpaka mwaka 1948. Na miongoni mwa wanaume wao, wenye mali na elimu walikuwa na kura mbili au tatu, maskini moja. Waliotutawala hawakuwa wamemaliza kujifunza somo lenyewe.

Kwa nusu karne iliyofuata, watu wa Kasongo na Kabambare walihesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Walihesabiwa kwa ajili ya kodi, kwa ajili ya kazi za barabara, kwa ajili ya pamba ya lazima. Jina la mtu liliandikwa kitabuni ili adaiwe. Kuandikwa ili asikilizwe kulikuja baadaye sana, tena kwa haraka. Tarehe 10 Novemba 1959 vikarieti yetu ya kitume ilifanywa kuwa jimbo kamili la Kanisa, pamoja na majimbo mengine ya Kongo. Mwezi uliofuata tu, katika sehemu kubwa ya nchi, watu walichagua halmashauri zao za mitaa na teritwari. Na mwezi wa Mei 1960 ulikuja uchaguzi wa Bunge la kwanza.

Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 137, kwa hesabu ya mbunge mmoja kwa kila wakaaji 100,000. Seneti ilikuwa na watu 14 kutoka kila mkoa, na kati yao watatu angalau walipaswa kuwa machifu au wakubwa wa kimila. Wakati ule Maniema ilikuwa sehemu ya mkoa wa Kivu, ambao makao yake yalikuwa Bukavu, na kura nyingi za Maniema zilikwenda kwa chama cha MNC cha Patrice Lumumba. Rais wa kwanza wa Baraza hilo aliitwa Joseph Kasongo. Tusijenge hadithi juu ya kufanana kwa jina. Jambo zito zaidi ni kwamba waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Katika kuhesabu wakaaji 100,000, mama na dada walihesabiwa; katika kuchagua, hawakuwemo.

Bunge lile halikupata nafasi ya kukomaa. Septemba 1960 lilinyamazishwa. Julai 1961 wabunge walikutana tena ndani ya chuo kikuu cha Kikatoliki cha Lovanium, wakafungiwa humo mpaka wakakubaliana juu ya serikali. Septemba 1963 Rais Kasavubu akawarudisha makwao. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika Maniema yetu, na wazee wanayo mengi ya kusimulia juu ya mwaka huo kuliko ukurasa huu unavyoweza kubeba. Uchaguzi mwingine ulifanyika mwaka 1965. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 24 Novemba, Mobutu alikuwa ametwaa madaraka.

Katiba ya mwaka 1967 iliwapa wanawake haki ya kura. Lakini walipofika kwenye kisanduku mwaka 1970, walikuta orodha moja ya chama kimoja, MPR. Mwaka 1975 hata kisanduku kiliondolewa: majina yalisomwa mbele ya umati, na umati ukapiga makofi. Nasema wazi kwamba mimi naona makofi hayo yalituharibu kuliko kukosa kura kabisa. Asiyekuwa na kura anajua kwamba amenyimwa. Aliyezoea kupiga makofi hudhani amechagua, na mazoea hayo hayakwisha pamoja na Mobutu.

Chama kimoja kilikoma Aprili 1990, na Mkutano Mkuu wa Taifa ukaanza mwaka uliofuata. Baadaye uliongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo wa Kisangani. Serikali ilipoufunga, ni walei Wakatoliki wa Kinshasa waliowaita waamini barabarani Dominika ya tarehe 16 Februari 1992. Waliandamana wakisali, na askari wakawapiga risasi. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa Aprili. Sisi tulio katika chama cha walei hatuna haki ya kuisahau Dominika ile.

Vita vikatupokonya tena sauti. Mwaka 2000 Laurent-Désiré Kabila aliunda Bunge la watu 300 lililokaa Lubumbashi, wakati Kasongo ikiwa chini ya RCD. Baada ya mapatano ya mwaka 2002 ukaja mpito: wabunge 500 na maseneta 120, wote wakiteuliwa na pande zilizoafikiana, wenye silaha na wasio na silaha. Mtu wa Kasongo aliweza kumjua mbunge huyo, hata kumpenda, lakini hakuwa amemtuma.

Tarehe 30 Julai 2006 watu walijipanga kwa safari hii kuchagua kweli, wanaume kwa wanawake. Katika viti 500 vya Bunge la Taifa, Maniema nzima ilipata 12. Katanga ilipata 69. Kabla ya kulalamika, tuielewe hesabu hiyo. Siku hizi viti havigawanywi kwa idadi ya wakaaji, bali kwa idadi ya walioandikishwa kupiga kura. Jumla yao katika nchi hugawanywa kwa 500, na jibu ndilo bei ya kiti kimoja. Mwaka 2006 walioandikishwa walikuwa kama milioni 25, na bei ya kiti ilikuwa kama watu 50,000. Mwaka 2023 walikaribia milioni 44, na bei ikapanda hadi karibu 88,000. Ni kweli kwamba kila teritwari, hata iwe ndogo namna gani, haikosi kiti kimoja. Lakini teritwari ambayo orodha yake haikukua kama za wengine inaweza kupoteza kiti bila mtu yeyote kuiba.

Sasa tufikirie vijana wetu. Kijana wa Kasongo anayekwenda Misisi kuchimba dhahabu, akaandikishwa huko, anahesabiwa katika Fizi, yaani Kivu ya Kusini. Asipoandikishwa popote, hahesabiwi kokote. Kadi ya mpigakura wengi huitafuta kama kitambulisho cha kupita vizuizi njiani, na hilo linaeleweka, kwa maana askari wa kizuizi haulizi katiba. Hata hivyo kadi ile ile ndiyo inayopima ukubwa wa sauti ya teritwari yetu kwa miaka mitano.

Kuhusu chumvi na fulana, ibara ya 101 ya Katiba inasema kwamba mbunge anawakilisha taifa, na kwamba agizo la kumfunga ni batili. Maana yake, hata akichaguliwa Kabambare, sheria anayoipigia kura itamfikia mtu wa Boma. Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Bajeti na sheria zinazowahusu watu wa huko ziliendelea kujadiliwa Kinshasa, na kati ya walioinua mikono walikuwemo tuliowatuma sisi.