Kadi Moja kwa Jimbo Zima

Septemba 5, 2006, siku moja baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, maktaba za umma zaidi ya 250 za jimbo la Georgia zilifungua milango zikitumia programu mpya iitwayo Evergreen. Programu hiyo haikununuliwa dukani. Iliandikwa na wafanyakazi wa idara ya maktaba ya jimbo lenyewe, kisha msimbo wake ukaachwa huria, yaani yeyote aruhusiwe kuutumia, kuukagua na kuubadili. Tangu hapo kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kama ushindi wa waandishi wa programu, watu wachache walioipiku biashara nzima ya makampuni. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inaanzia mwisho. Kazi ngumu zaidi ilikwisha kufanywa miaka saba nyuma, na walioifanya walikuwa wakutubi waliobishana kuhusu faini, muda wa kuazima, na nani alipe kitabu kikipotea katika kaunti ya mbali. Pasipo mabishano yale, Evergreen isingepata wa kuihitaji.

Georgia ina kaunti 159, na maktaba zake zimelelewa na kaunti hizo au na vikundi vya kaunti jirani. Kila bodi ilikuwa na bajeti yake, katalogi yake na kadi yake, na kadi ilikuwa inachora mpaka. Si mpaka wa ardhi tu: Irene Dobbs Jackson, mwanamke Mweusi na msomi, hakuweza kupewa kadi ya maktaba kuu ya Atlanta hadi Mei 1959. Nani apewe kadi, wapi na kwa masharti gani lilikuwa swali la siasa zamani sana kabla kompyuta haijaingia maktabani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hofu kwamba mifumo ya zamani ingekwama saa sita usiku wa kuingia mwaka 2000 ilifungua mifuko ya serikali, na mwaka 1999 jimbo likaanzisha mtandao wa PINES. Ahadi yake kwa msomaji ilikuwa fupi: kadi ya maktaba yoyote mwanachama itakubaliwa katika maktaba nyingine zote, na kitabu kilichoko upande mwingine wa jimbo kitaletwa kwa gari hadi maktaba ya jirani yako.

Ahadi fupi, lakini tazama ilivyodai. Kitabu kimoja kilikuwa kimeandikwa katika katalogi tano kwa namna tano: hapa jina la mwandishi lina herufi ya kati, pale halina, huyu kahesabu kurasa za utangulizi, yule kaziacha, mmoja kaandika mwaka wa toleo la kwanza, mwingine wa chapa mpya. Mtu akikiona kitabu hicho mezani anajua ni kilekile. Mashine haijui, nayo itaonyesha vitabu vitano. Msomaji akiomba awekewe kimoja, atasubiri nakala iliyoazimwa huku nyingine nne zikikaa rafuni. Kwa hiyo ilibidi rekodi ziunganishwe, na kuziunganisha maana yake ni kukiri kwamba namna yako ya miaka arobaini si lazima iwe ndiyo sahihi. Baada ya hapo zikaja kanuni. Kitabu kilichoazimwa kaunti moja na kurudishwa nyingine kitozwe faini ya wapi? Wiki mbili au tatu? PINES iliamua kanuni za kuazima ziwe za aina moja kwa wanachama wote, na uamuzi huo ndio ninaouhesabu kuwa mwanzo halisi wa Evergreen.

Kwa miaka saba ya kwanza, PINES iliendesha makubaliano hayo kwa programu ya kibiashara, Unicorn ya kampuni ya Sirsi. Ushirikiano ulitangulia, tena ukafanya kazi juu ya programu iliyofungwa. Anayedai kwamba uhuria wa msimbo ndio uliozaa umoja wa maktaba hizi ana kazi ya kueleza miaka hiyo saba. Kilichotokea ni kwamba umoja ulikua kuliko chombo chake. Programu nyingi za maktaba zilizokuwa sokoni zilikuwa zimeundwa zikilenga mji mmoja au chuo kikuu kimoja, si mamia ya matawi yanayogawana katalogi moja na mamilioni ya vitabu. Juni 2004 wasimamizi wa PINES waliwaandikia wakutubi wenzao barua ya wazi wakitangaza kwamba wataunda programu yao wenyewe. Kikundi kidogo cha waandishi wa programu kiliijenga juu ya hifadhidata huria ya PostgreSQL, mzigo ukigawanywa katika seva nyingi za Linux badala ya kutwishwa mashine moja. Waliweza kwenda haraka kwa sababu hawakulazimika kukisia matakwa ya mteja. Majibu yalikuwa yamekwisha kuandikwa kama kanuni, na aliyeziandika alikuwa chini ya paa moja nao.

Pingamizi la kwanza linatoka New Zealand, na lina uzito. Programu huria ya Koha ilianza kutumika Januari 3, 2000 katika maktaba za Horowhenua, wilaya ndogo yenye makao yake mjini Levin. Mfumo wao wa zamani nao ulikuwa ukiogopewa kwa sababu ya mwaka 2000, wakaiajiri kampuni ya Katipo iwaandikie mwingine, mwepesi kiasi cha kupita kwenye laini ya simu ya kawaida hadi matawini, na wakautoa bure. Hapakuwa na jimbo wala mabishano ya kaunti 159. Nakubali: taasisi moja ndogo inaweza kuzaa programu huria. Lakini kuzaa ni jambo moja na kutunza ni jingine. Mwaka 2011, ilipojulikana kwamba kampuni ya Kimarekani ya PTFS imeomba kusajili jina la Koha kama alama yake ya biashara huko New Zealand, leseni ya msimbo haikuweza kuzuia, kwa kuwa leseni hulinda msimbo tu na haina neno juu ya jina. Waliozuia ni watu waliokuwa wamejipanga: bodi ya maktaba za Horowhenua iliyoomba msaada hadharani, kampuni ya Catalyst iliyopeleka pingamizi rasmi, na watumiaji wa nchi nyingi waliochanga. Mwishoni mwa 2013 ombi lile lilikataliwa. Hata Koha, mtoto wa taasisi moja, iliokolewa na ushirika.

La pili ni kwamba kanuni za aina moja si za lazima. Evergreen yenyewe imejengwa kwa mti wa matawi, na kila tawi laweza kuwa na faini yake na muda wake. Maktaba za British Columbia, Kanada, zilizoanza kuungana 2007 katika mtandao unaojulikana leo kama Sitka, zinatumia programu ileile huku bodi zikibaki na sauti kubwa juu ya mambo yao. Ni kweli, na napunguza dai langu kwa kiasi hicho: makubaliano yanaweza kuwa mengi au machache. Hayawezi kuwa sifuri. Rekodi ya kitabu ikishakuwa moja, mtu mmoja akiihariri wote wanaona, na hapo lazima iandikwe mahali fulani nani ana ruhusa ya kugusa.

Halafu kuna wanaosema kwamba bure ni ghali. Mwaka 2007 walioiandika Evergreen waliunda kampuni yao, Equinox, na jimbo likaanza kununua huduma kwa watu waliokuwa waajiriwa wake jana. Tena programu iliyosifiwa hivyo ilikuja bila sehemu ya kuagizia vitabu vipya wala ya kufuatilia majarida. Hizo zilikamilika katika toleo la 2.0, mwaka 2011. Kwa hiyo wakutubi waliokuwa wakitunza hesabu za manunuzi kwingineko kwa miaka hiyo wana haki ya kutabasamu wanaposikia neno ushindi. Ila tofauti moja inabaki. Mtoa huduma akipandisha bei, maktaba inaweza kumwachisha kazi bila kuacha programu, na kaunti isiyo na fundi inalindwa na fedha za jimbo.

Makubaliano ya PINES yana mwisho wake pia. Kaunti kubwa zinazolizunguka jiji la Atlanta, zenye makusanyo yao na fedha zao, nyingi zilibaki nje ya PINES, na sababu haihitaji utaalamu wa kompyuta: mwenye vitabu vingi huona atakopesha zaidi kuliko atakavyokopa. Pale ambapo mamlaka ni moja tangu mwanzo mambo huenda vingine. Uturuki, katikati ya muongo wa 2010, wizara ya utamaduni ilizihamishia Koha maktaba za umma zaidi ya elfu moja, na haikuhitaji kubembeleza bodi moja baada ya nyingine. Tanzania Bara nayo, ilipokuwa bado Tanganyika, kwa sheria ya 1963 iliweka huduma za maktaba chini ya bodi moja ya taifa, kwa hiyo swali la nani aamue kanuni, lililowachosha wakutubi wa Georgia, huko lilikwisha kujibiwa kabla ya kompyuta ya kwanza. Linalosalia kwa bodi ya namna hiyo ni la bajeti: mshahara wa fundi wa kudumu, mwaka hadi mwaka, katika kitabu kilekile cha hesabu kinacholipia umeme na rafu.