Safu ya Lugha: Mmawia

Mwimbaji kijana wa Kitaya, kusini mwa Tanzania, akiokota neno "Mmawia" kwa babu yake na kulitia kwenye wimbo, msimrukie. Anadhani ni jina la kabila. Wenyewe, ng'ambo ya mto Ruvuma kwenye uwanda wa juu wa Mueda, Msumbiji, hujiita Wamakonde. "Wamawia" ni jina walilobandikwa na majirani, kwa maana ya watu wa hasira, wakali. Mjerumani Karl Weule alilikuta likitumika huku kwetu mwaka 1906, naye akaliandika. Baadaye vibarua wa Msumbiji walipovuka kuja mashamba ya mkonge, na chale zao usoni, jina likazidi kuwa la kuwacheka na kuwaogopa. Ajabu ni kwamba wengi wa mafundi waliochonga vinyago tunavyojivunia mbele ya wageni ni hao hao.

Semeni "Mmakonde", na pakihitajika kutofautisha, "Mmakonde wa Msumbiji". Wapo watakaodai kuwa ni utani tu. Utani una pande mbili, na kila upande una ruhusa ya kujibu. Neno hili lilirushwa kutoka upande mmoja. Hata hivyo, aliyeteleza bila kujua hakutukana. Mwiteni pembeni, mwelezeni, abadilishe mstari atakapopanda tena jukwaani. Wimbo wenye neno hilo wa mwimbaji aliyekwisha kufariki uacheni ulivyo, mtangazaji atie maneno mawili kabla ya kuupiga. Aliyekwisha kuelezwa akarudia kusudi, huyo sina la kumtetea.