Tarakimu 79

Mamangu alipoanza kusahau alikoweka funguo, nilifanya kile watoto wa mjini hufanya: nikamwekea apu ya mazoezi ya ubongo kwenye simu. Wiki tatu baadaye alama zake zilikuwa zimepita zangu, na alinicheka vizuri sana. Funguo bado zilipotea.

Kumbe jambo hili lilishapimwa kabla hata sijazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Pittsburgh, Marekani, William Chase na Anders Ericsson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walimpata mwanafunzi ambaye kwenye maandishi yao wanamwita SF. Kazi yake? Anasomewa tarakimu, moja kila sekunde, kisha azirudie vilevile. Mwanzoni alishika 7 hivi, kama wewe na mimi. Akarudia saa baada ya saa, zaidi ya mwaka mmoja na nusu, jumla kama saa 230. Mwishowe akashika 79. Hebu fikiria mtu akikusomea nambari nane za simu mfululizo, nawe unazirudisha zote karibu bila kukosea.

Siri ni kwamba jamaa alikuwa mkimbiaji. Akisikia 3492, kichwani kwake hiyo ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa karibu na rekodi ya dunia ya maili. Sasa wakambadilishia: badala ya tarakimu, herufi. Akaanguka hadi 6.

Matokeo yalichapishwa 1980. Na tayari 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walikuwa wameonyesha kwamba ukijizoeza kukadiria ukubwa wa maumbo fulani, ustadi huo hauhami wote ukipewa maumbo mengine.

Biashara haikungoja. Mwaka 2005 Nintendo ilitoa Japani mchezo wa Profesa Ryuta Kawashima. 2007 Lumosity ikaanza kule San Francisco. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake walichapisha majaribio ya wiki sita ya watu 11,430: walikuwa bora kwenye michezo yenyewe, basi. Kweli, kuna utafiti wa ACTIVE, wa wazee 2,802, ambako faida za mazoezi ya wepesi wa kuona na ya kufikiri zilionekana hata baada ya miaka kumi. Faida ya zoezi la kumbukumbu, ile niliyokuwa naitafuta, ilikuwa imekwisha.

Januari 2016 Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa kudanganya wateja. Mojawapo ya madai: ilinunua matangazo ya Google kwa maneno kama Alzheimer. Yaani mtu anaandika ugonjwa wa mamake usiku wa manane, anaonyeshwa mchezo. Huyo mtu namjua.

Mama hajaifuta ile apu, anapenda kunishinda. Funguo sasa zina msumari wao kando ya mlango, na Jumanne tunaenda kumwona daktari.